Kilemba cha Dakta

Jumanne, 2 Machi 1954

Dakta Hale, mwalimu wangu wa kemia, amekuja! Kutoka Dar es Salaam, na vumbi la Kerege mpaka kwenye nyusi. Nimempeleka kwenye mashamba ya chumvi, kisha jikoni kwa Mama kuona chupa zangu mbili zilizokaa wazi. Chumvi ya kawaida imelowa. Yangu, niliyoiosha kwa maji yaliyoshiba chumvi ili kuondoa uchafu unaovuta unyevu — kavu, inamiminika kama mchanga! Akaitikisa chupa sikioni. Chumvi ikaimba.

Ijumaa yeye na majaji wenzake watakutana Dar kuamua nishani ya utafiti ya Makerere. Mshindi hubaki maabara mwaka mmoja zaidi. Nikikosa, narudi kufundisha watoto hesabu. Kazi ya heshima. Lakini si chumvi.

Alhamisi, 4 Machi

Balaa! Mama amempelekea Dakta kilemba! Cha hariri, kutoka dukani kwa Jaysukh, juu ya sinia, na halua pembeni. Kaka Mbaruku ameondoka nacho kwa basi la asubuhi la Dar. Ndiyo, mwalimu hupewa kilemba mwanafunzi wake akihitimu. Bi Mwaija, mwalimu wangu wa chuoni, alipewa chake nilipohitimu Kurani. Lakini huyu ni jaji! Wenzake watakiita rushwa, na nishani kwaheri.

Nikamweleza Mama. "Rushwa hupelekwa usiku," kasema. "Mimi nimepeleka mchana, kwa sinia, watu wakiona."

Bi Mwaija kacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Eti nimesoma mpaka Uganda, sijui kuwa elimu bila radhi ya mwalimu haikai kichwani?

Ijumaa, 5 Machi

Wanakutana leo. Siwezi kuandika.

Jioni — Mbaruku karudi, mikono mitupu, hukumu bado. Dakta aliwaonyesha wenzake sinia, akasema hakigusi kilemba mpaka hukumu iwekwe saini. Mwanafunzi wake akishinda, atakivaa. Akishindwa, atakuja kukirudisha mwenyewe, kwa heshima zote.

Mama kashika kichwa. Kilemba hakirudishwi! Mwalimu akikirudisha, ameondoka na radhi yake.

Na halua je? Mbaruku katazama chini. "Ilikuwa inayeyuka, Mgeni mdogo wangu."

Nimecheka mpaka machozi. Ajabu — mambo yangu yote yamefungwa ndani ya kitambaa kimoja, na mimi nacheka! Nimekwenda jikoni nikaitikisa chupa. Bado inaimba.

Jumapili, 7 Machi

Mvua ya kwanza! Tangu alfajiri majirani wanabisha hodi na vikombe: chumvi zao zimekuwa uji, wanaomba ya Mgeni. Nimegawa karibu yote. Sijawahi kufurahi hivi, nishani au bila nishani. Mama anakaanga vitumbua vya mgeni ambaye hajasema atakuja.

Honi!

Mbaruku anapiga kelele barazani: Dakta huyo! Nimechungulia dirishani. Ni yeye, anashuka garini. Ana mwavuli mkubwa mweusi, kichwa hakionekani. Mkononi sinia — tupu? Mama kasimama na upawa, mafuta yanadondoka sakafuni. Naandika tu.

Bi Mwaija kafika mlangoni kwanza. Mwavuli unakunjwa.

Sasa namsikia Bi Mwaija, kwa sauti kubwa, anacheka huku akimkemea Dakta kama mtoto wa chuo chake:

"Ah, siyo hivyo kilemba kinavyofungwa, baba! Hebu inama —"