Bendi Isiyo na Mwimbaji

Kambi ya Kokoto, njia ya Kitai,
kwa anwani ya duka la Azizi,
Mbinga Mjini, Ruvuma.
6 Oktoba 2013

Dada yangu mpendwa Mwanahawa,

Shikamoo dada. Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi, karatasi nimeiweka gotini, kwa hiyo mwandiko usinicheke. Nakuulizia afya yako na miguu yako iliyokuwa inavimba. Shemeji na kifua chake anaendeleaje? Na Subira, yule yatima wetu, ameshakubali kwenda madrasa au bado anajificha uvunguni kila asubuhi?

Huku baridi imeanza kulegea. Mikahawa ya watu inatoa maua, na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapita mchana kutwa na vumbi lake. Mimi ni mzima wa kutembea na kula. Uzima uliobaki nitakueleza huko mbele, maana ndio ulionifanya nishike kalamu.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la chumvi, katikati ya mwezi wa tisa. Nimeisoma hadi imekatika kwenye mikunjo. Umeandika kwamba nilimjibu mama ndiyo kwa kinywa changu, wewe mwenyewe ukiwa umemshikia simu, na kwamba alikufa akisubiri nitimize. Umeandika pia kwamba mimi si mtu. Sijakukasirikia, dada. Nakuomba tu usiichane hii kabla hujafika mwisho.

Nitaanza na jambo utakaloona halihusiani na msiba. Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye muziki.

Fundi mkuu wa mitambo hapa ni kaburu wa Afrika Kusini, tunamwita Piti. Ni mrefu, ndevu zimefika kifuani, na Kiswahili chake ni cha gereji: leta, shika, kaza, pumbavu. Kumbe kwao ana bendi. Wenzake watatu walikuja Malawi kupiga kwenye tamasha, wakavuka ziwa kwa meli na magitaa yao hadi Mbamba Bay, na Piti akaomba uwanja wapige bure. Sisi wa kambini tukapewa lori. Nilikwenda kwa sababu Jumapili kambini ni ndefu, na tangu msiba nikibaki peke yangu najisikia vibaya.

Nilikaa na Ildefonsi, ninayelala naye chumba kimoja. Yeye ni mtu wa huko huko ziwani, wa Lipingo. Kwao alikuwa akipiga ngoma kubwa ya mganda. Mganda ni ngoma yao ya wanaume, wanajipanga mistari kama askari, wamevaa kaptura nyeupe zilizopigwa pasi, wanapuliza vibuyu vinavyolia kama tarumbeta. Kijiji kinashindana na kijiji, na anayekosea hatua anachekwa mwaka mzima. Kwa hiyo Ildefonsi alikwenda kama hakimu.

Watu walijaa. Akina mama waliacha usipa wao, wale dagaa wa ziwani, kwenye vichanja, wanafunzi wakaja na sare zao, hata padre alikuja na kofia ya jua. Ilikuwa saa tisa alasiri. Jenereta liliwekwa nyuma ya lori, na mbele wakapanga maspika marefu kuliko mtu. Kati yake kulikuwa na maikrofoni moja imesimamishwa peke yake.

Walipoanza, dada, nilishtuka. Huo muziki wenyewe wanauita metali, na kweli ni chuma. Gitaa la Piti lina nyuzi saba, nilizihesabu, na linanguruma kama mtambo wetu unapokutana na jiwe gumu. Mpiga ngoma alikuwa na ngoma mbili kubwa za kupiga kwa miguu, na miguu yake haikupumzika. Wimbo mmoja ulikuwa mrefu kama hotuba ya Ijumaa. Unakwenda haraka, unasimama, unatulia kama maji, halafu unakurukia tena. Watu walitaka kucheza wakashindwa, kila wakishika hatua, wale wanaibadilisha. Ildefonsi ndiye aliyeigundua. Alikuwa akihesabu kwa vidole, akanionyesha saba, halafu tano, halafu saba tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na ndugu.

Mimi nilisogea mbele kabisa, hadi kwenye spika. Pale niliusikia kwa tumbo na kwa meno. Ni muda mrefu sijasikia kitu kizima namna ile, dada. Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi, na mama hana hata miezi mitatu kaburini.

Halafu nikamwona Piti amesogea karibu na maikrofoni, amefumba macho, mdomo anaufungua na kuufumba. Nikajua anaimba. Niliona jinsi anavyovuta neno refu, anavyolikata, anavyoliuma. Nami sikusikia neno hata moja. Magitaa nayasikia, ngoma naisikia, mtu aliyesimama mbele yangu anaimba kwa nguvu zake zote simsikii. Nikamvuta Ildefonsi, nikamuuliza, "Anaimba nini?"

Alinijibu kwa kupiga kelele ndani ya sikio la kulia, ambalo lina nafuu. "Nani?"

"Piti."

"Haimbi, wewe. Anakunja uso tu. Hawa hawana mwimbaji."

Sikumwamini. Akaniambia hata watu wote wanamsubiri mwimbaji, kwamba mama mmoja wa usipa amesema sauti zao zimelowa wakati wa kuvuka ziwa, na mwingine amesema mwimbaji amezuiliwa Malawi hana pasi. "Ni kama mganda," akasema. "Kibuyu kinatosha. Maneno ya nini?"

Nilicheka hadi machozi yakatoka. Dada, nadhani yalikuwa machozi kweli. Kwa muda wa wimbo ule mmoja nilikuwa sawa na kila mtu pale uwanjani. Hakuna aliyekuwa akisikia maneno, kwa kuwa maneno hayakuwepo.

Wimbo ulipokwisha, Piti alishika maikrofoni, na safari hii alisema kweli. Niliwaona watu wanacheka, nikacheka. Walipiga makofi, nikapiga. Halafu akanitazama mimi, ananijua kutoka kazini, mdomo ukamtembea, akangoja. Nami nikainua mkono nikasema kama ninavyosema siku zote, "Ndiyo, bosi."

Watu wakanisukuma mbele. Mikono ikanipandisha kwenye jukwaa, mpiga ngoma akasimama akanipa fimbo zake mbili na kiti chake. Uwanja mzima ukanyamaza, au mimi niliona umenyamaza. Nilisimama na zile fimbo. Sikujua nimekubali nini. Nilitazama midomo ya watu, mamia kwa mamia, inafunguka na kufumba, na mpiga ngoma ananipa ishara ya kichwa kwa upole, anza, anza. Sijapata kuona aibu kubwa namna hiyo tangu nizaliwe.

Ildefonsi ndiye aliyepanda akanipokonya fimbo. Kumbe Piti alikuwa ameuliza ni nani anayejua kupiga mganda aje wapige pamoja, na mimi, mtu wa Mchinga nisiyejua hata kucheza, nikasema ndiyo. Ildefonsi akapiga ngoma ya kwao, wale wakamfuata na magitaa, na wazee wa Mbamba Bay wakajipanga mistari mchangani. Wameniambia haijapata kutokea. Mimi nilikuwa nimeshashuka, nimekaa nyuma ya lori karibu na jenereta, nimeshika kichwa.

Pale ndipo nilipokumbuka simu ya mama.

Sasa nisikilize, dada. Mimi ni kiziwi. Sijapata kuliandika neno hili wala kulitamka. Mwaka wa tatu sasa nasimama kwenye mtambo wa kusaga mawe, naingiza mawe juu, kokoto inatoka chini. Vya kuziba masikio hatukupewa. Tulijiziba kwa pamba tuliyochomoa kwenye magodoro, na ilikuwa inaanguka kwa jasho. Mwanzoni masikio yalikuwa yanalia usiku tu. Baadaye ndege wakaisha. Baadaye adhana. Baadaye watu. Mzee mmoja wa Tingi alimwambia msimamizi kwamba masikio yanamuuma, na kesho yake hakuitwa kazini. Kwa hiyo nikajifunza kutazama nyuso. Mtu akicheka nacheka, akiuliza nasema ndiyo. Ndiyo haigombani na mtu. Nimeishikilia kazi yangu kwa neno hilo moja.

Simu yangu ilidondoka mtamboni ikasagwa, na unajua tangu hapo mnapiga kwa Azizi. Siku ile aliponiita dukani wateja walikuwa wamejaa. Niliweka simu sikioni nikajua ni mama kwa sababu Azizi aliniambia kwa mdomo wake mbele ya uso wangu. Ndani ya simu nilisikia kitu kama nzi kwenye chupa. Alisema kwa muda mrefu. Alinyamaza, akasema tena. Nami niliona haya mbele ya watu kusema mama sikusikii, nikaogopa pia habari isifike kambini. Nikasema ndiyo mama. Nikasema ndiyo. Nikasema nimekubali mama, usiwe na wasiwasi. Halafu yule nzi akanyamaza, nikamrudishia Azizi simu, nikanunua sabuni.

Ndivyo nilivyoagana na mama.

Sijui aliniambia nini. Usiku na mchana nabahatisha. Kama aliniita nije, basi nimechelewa na hakuna wa kuniambia nimesamehewa. Kama alitaka nimchukue Subira nimlee, mtoto bado yupo. Kama alitaka nipatane na kaka Sadiki kuhusu ile minazi aliyoiuza, Sadiki bado yu hai, nami sijamsalimia miaka minne. Au pengine aliniambia kitu kidogo tu, nimpelekee blanketi la huku baridini. Hata blanketi sikulipeleka. Kila moja kati ya hayo nimelikubali, dada, na hakuna nililolitimiza.

Kwenye kazi nako kumekwisha. Jumatatu Piti alikuja nyuma yangu, akapiga nyundo kwenye chuma mara tatu. Sikugeuka. Aliyenieleza ni Ildefonsi. Piti amesema asiyesikia honi ya lori hawezi kusimama mtamboni, na ni kweli, ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Mwisho wa mwezi huu natoka. Piti mwenyewe aliona aibu, akatoa mfukoni viziba masikio vyake vya rangi ya chungwa, akanitia mkononi. Ninavyo hapa. Sijui nivifanyie nini.

Nilikwenda kwa Sista Notburga wa zahanati. Alinimulika, akagonga kijichuma akakiweka mfupani nyuma ya sikio, akaandika kwenye daftari lake akanigeuzia nisome: "Hayatarudi. Kaa mbali na kelele, yasiishe yote." Mwandiko wake ni mzuri sana.

Nyumbani sina uso wa kuja. Nije nikae barazani watu wakinipa pole niitikie ndiyo, ndiyo? Ildefonsi anasema twende kwao Lipingo tukavute nyavu, kwamba kwenye kuvuta nyavu watu hufuata kamba, si sauti. Sijamjibu. Nimeacha kujibu haraka.

Ninachokuomba ni kimoja. Ulikuwa umemshikia mama simu. Ulisikia. Niandikie alichosema, maneno yake kama alivyoyapanga mwenyewe, na pale aliponyamaza andika kwamba alinyamaza. Kama alinilaumu, andika. Usinipunguzie. Sauti yake bado ninayo kichwani, hiyo haikupitia masikioni, nitayasoma kwa sauti hiyo. Na safari hii nikijibu ndiyo, nitakuwa najua nimekubali nini.

Nisalimie shemeji, umwambie asiache dawa. Bibi Saida mpe shikamoo zangu, na umwombe radhi kwa niaba yangu kwa arobaini niliyoikosa. Subira mbusu. Na kaka Sadiki, kama hutaona ubaya, mwambie tu nimeulizia hali yake. Mwenyezi Mungu amlaze mama mahali pema, na wewe akulipe kwa kumshika mkono wakati mimi sipo. Dereva wa chumvi anarudi huku kabla mwezi haujaisha. Mpe yeye jibu, wala usipige kwa Azizi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ingawa hukuona dalili,

Ausi