Folda ya Perl na Onyo la Upepo

Saa 12:10 asubuhi kompyuta imeandika kwamba haiitambui Perl, programu inayowatumia manahodha onyo la upepo.

Luhende, jana ulihamisha folda ya Perl kutoka diski C kwenda D ili filamu zako zipate nafasi. Windows bado inaitafuta C. Saa 11:00 alfajiri ulibofya ili kulituma onyo, dirisha jeusi likafunguka na kujifunga, ukasema, "Limeshaenda, dada." Onyo la upepo halikwenda. Baba akaingia ziwani.

Ukirudi kutoka misa, rudisha folda C. Usibofye tena: fungua dirisha jeusi kwanza, andika amri, usome jibu.

Uji uko kwenye chupa. ~~Mama asijue.~~ Mwambie mama.

Nakwenda Mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kumwulizia baba.

Dada yako, Justa

Saa 12:35, kabla sijaondoka, nimeandika amri na kutuma onyo kutoka D. Manahodha tisa wamejibu. Baba hajajibu.