Matundu ya Chini ya Bawa

Jumatatu, 17 Novemba 1997
Mimi Kulow, miaka sabini na mbili. Kipande kinasema sitini na sita – karani alikuwa na haraka. Nimeishi kuliko ngamia wangu wote, kuliko ndugu zangu wawili, kuliko lori tatu nilizopanda kule Griftu zikiwa mpya. Kuandika nilijifunza uzeeni, darasa la ngumbaru. Wenzangu kumi waliacha. Mimi sikuacha!

Leo siku ya sita mke wangu Saynab yuko hospitali. Mvua hii ililowesha ukuta wa jikoni, ukamwangukia pajani. Mfupa umevunjika. Daktari anasema hapa Garissa hawawezi, atiwe chuma Nairobi, tena upesi. Akichelewa hatasimama tena. Na barabara imekatwa na maji, hakuna basi hakuna lori. Iko ndege ndogo ya madaktari, itaondoka Jumamosi.

Nikamwambia. Akageuza uso. "Sipandi, Baba Yahye."

Miaka arobaini na nane ya ndoa hajawahi kunikatalia mbele ya watu.

Jumanne, 18 Novemba
Nimejua sababu. Sista Idman, muuguzi wa wadi yake, alisafiri na hiyo ndege mwezi jana. Amewahadithia wanawake wa wadi kwamba ilivuja njia nzima, maji yakimdondokea mgonjwa usoni. Wakacheka wote. Saynab hakucheka.

Ananiambia: ule ukuta ulianza na maji kidogo tu. Sasa nipande kitu kinachovuja, tena huko juu?

Nikamuuliza, haye, nani anaziba jerikeni za Garissa nzima? Akasema, wewe. Nani aliziba tangi la shule likakaa miaka tisa? Wewe, wewe, nimesikia.

Basi nitaiziba ndege, nikasema.

Akanigeuzia uso. "Ukiziba kwa mkono wako, nitapanda."

Jumatano, 19 Novemba
Nimekwenda uwanjani kwa miguu, tope mpaka magotini. Hared, askari wa uwanja, akanipeleka kwa rubani. Kapteni Mwakio, Mtaita, mdogo kuliko mwanangu Yahye. Nikamweleza kazi yangu. Akacheka. "Mzee, hii si jerikeni."

Nikamwambia jerikeni nimeziba elfu, na hakuna iliyorudi. Wewe umeziba ngapi?

Hared akaangua kicheko. Kapteni akatoa tepu nyeupe, pana, imeviringishwa, ya ndege kabisa. Alikuwa nayo siku nyingi hana wa kumsaidia. Akasema njoo kesho, lakini tutafanya pamoja na utanisikiliza.

Mimi nimsikilize yeye!

Alhamisi, 20 Novemba
Jua limetoka kidogo. Tumefanya kazi tangu saa mbili.

Kwanza unasugua kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kona za tepu unazikata mviringo, zisibanduke kwa upepo. Halafu unabandika bila kuvuta, unasukuma hewa kwa kidole gumba. Tukaziba kuzunguka mlango, madirisha, na pale bawa linapokutana na mwili. Nyuma ya bawa kuna kipande kinachopanda na kushuka. Hicho lazima kwanza ukishushe mpaka mwisho ndipo ubandike, la sivyo tepu itakishika. Jambo hilo sikulijua. Lakini nilishika upesi, hata yeye alisema mzee una mkono.

Chini ya hicho kipande kuna matundu matatu madogo. Akasema haya yaache, yana kazi yake.

Tundu lina kazi gani? Alipokwenda kunywa chai nikayaziba. Mabawa yote mawili. Kazi yangu haitoki na tundu. Sijaanza leo.

Ijumaa, 21 Novemba
Mvua tangu alfajiri, kubwa. Baada ya sala nilimpelekea Saynab maziwa. Nikamsimulia yote. Nikasema hata matundu aliyosahau kapteni nimeyaziba.

"Aliyasahau, au alikwambia uyaache?"

Huyu mwanamke!

Nikasema alisema niyaache, lakini yeye ni kijana. Akasema yule kijana hulala akaamka na ile ndege, nenda kamwambie. Nikakasirika. Nikamfunika miguu, nikaondoka.

Kwa kapteni sikwenda. Nikisema nimekosea, mkono gani tena utampandisha ndege? Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 22 Novemba
Mvua ilikatika asubuhi. Wakamleta kwa machela, Sista Idman mbele, Hared nyuma. Saynab akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vimekuwa vyepesi sana.

"Umemwambia?"

Nikamwita kapteni, mbele yao wote. Nikasema yale matundu uliyonikataza, nimeyaziba.

Hakucheka safari hii. Akakimbia, akalala chali juu ya tope, akabandua tepu. Maji yakamwagika! Upande wa kwanza kama birika mbili. Wa pili zaidi. Akasema mvua huingia kwa juu kwenye viungo, na matundu ndiyo njia ya kutokea. Maji yakibaki humo bawa hutetemeka hewani, huweza kung'oka. Akasema hivyo polepole, hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Nikamtazama Saynab. Nilijua sasa atakataa.

Akasema: "Miaka arobaini na nane, leo ndiyo mara ya kwanza nasikia huyu akisema amekosea. Nipandisheni kabla hajabadilika."

Idman akacheka mpaka machela ikayumba. Kapteni alikagua kila kitu upya, bawa kwa bawa. Saynab akaingia, akapapasa tepu ya dirisha kwa ndani. "Hii ni yako?" Nikasema ndiyo. Akainua mkono.

Imepaa saa nne kasoro robo. Kapteni alisema ni saa moja na nusu mpaka Nairobi, akitua ataita kwa redio. Sasa ni saa sita. Redio inakoroma tu. Hared anasema ni mawingu. Namwambia nilijua mawingu kabla hajazaliwa. Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine.

Haya yote ni kweli. Hared Gelle ni shahidi, yuko hapa ananimiminia chai. Sista Idman alisikia kwa masikio yake. Na Kapteni Mwakio. Na Saynab, yeye zaidi ya wote. Lakini hao wawili, mpaka dakika hii, wako juu, na redio bado inakoroma.