Jina Lililoitwa Chini ya Ngazi

Jumamosi, 3 Februari

Leo wamecheka. Kijiji kizima! Mzuka anatoka ziwani, nywele zimemfunika uso, mimi nimeshika maikrofoni nimepiga ukelele mpaka koo likawasha — na wao wanacheka. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema huyo mzuka ana sauti ya jogoo anayebalehe. Wakaangua kicheko upya, mpaka mbwa wakabweka.

Si kosa langu. Mtia sauti wa gari letu la sinema ni Shangazi Bunlom. Filamu zetu ni bubu, zote, na sauti zote ni zake: wanaume, watoto, bata, mvua. Sasa koo limemkauka, ananong'ona tu kama mtu anayesengenya. Ndiyo maikrofoni ikaja kwangu. Mimi Huak! Maana yake kiluwiluwi, ndilo jina la nyumbani, na atakayecheka nitamkumbuka. La kwenye karatasi ni Thongsuk, hilo haliitwi ovyo.

Tulipokuwa tunakunja pazia Bosi Kamnuan akanipa onyo lake. Mjini kuna nakala mpya za filamu, zinakuja na sauti humo humo ndani, hazitaki mtu. Safari hii watu wasipopiga mayowe anazichukua, na mimi nirudi kwa baba nikalishe nguruwe.

Nikamwambia, Bosi, kabla hatujarudi watajikojolea.

Akasema, anza wewe kuoga.

Jumapili, 4 Februari

Siku nzima barabarani. Vumbi mpaka kwenye wali. Mimi na Shangazi tumekaa nyuma na makreti ya dawa, kwa sababu sisi si sinema tu. Sisi ni dawa ya minyoo, dawa ya kikohozi, mafuta ya kuchua. Filamu bure, lakini inakatwa pale pale mzuka anapofika mlangoni, taa zinawaka, Bosi anapanda juu ya boneti na chupa zake. Wasiponunua haiendelei. Watu hununua ya minyoo hata kama hawana minyoo.

Nikamuuliza Shangazi siri yake ni nini, maana yeye huwa anaongea polepole tu na watu wazima wanakumbatiana.

Akaninong'oneza: wewe unatisha kwa koo. Kelele zinashtua tu. Mtu akishashtuka anajiona mjinga, basi anacheka.

"Sasa mtu anaogopa nini?"

"Anaogopa zamu yake ikifika."

Halafu akalala. Mwalimu gani huyo anayesinzia katikati ya somo! Na mimi shule niliiacha kwa sababu nilikuwa nasinzia mwenyewe.

Jumatatu, 5 Februari

NIMEPATA.

Mkanda wa tatu. Mzuka anapita chini ya nyumba za juu ya nguzo, ngazi hadi ngazi, anatafuta pa kupanda. Na ametupa mgongo! Mdomo hauonekani. Kwa hiyo naweza kumsemesha lolote. Shangazi siku zote humsemesha "nifungulieni, nasikia baridi." Vizuri. Lakini mimi nitamfanya aite jina. La mtu wa kijiji hicho hicho, aliyekaa hapo kwenye mkeka anatafuna mbegu.

Kila mtu anajua. Giza likishaingia ukasikia jina lako na aliyekuita humwoni, unafunga mdomo. Anayejibu anafuatana na mzuka, harudi tena. Ndiyo maana tuna majina ya nyumbani, kiluwiluwi, chura, nguruwe, ili wasiotakiwa kutujua wasitujue.

Shangazi kasikia akanitolea macho. Majina ya kijiji yaache kijijini, kasema. Mzuka wa filamu ana watu wake ndani ya filamu.

Nikamwambia, Shangazi, ulisema zamu. Mimi nawapa zamu.

Akanipiga kofi la kichwa. Hata kofi lake siku hizi halina sauti.

Jumanne, 6 Februari

Wewee! Andika hii, Huak, ukizeeka ujisifu.

Mchana nilimsikia muuza saladi ya papai la kutwanga anamgombeza binti yake, nikashika jina. Jioni, mkanda wa tatu, mzuka kasimama kwenye ngazi. Nikanyamaza. Nikahesabu pumzi zangu. Halafu taratibu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Sumali... Sumali..."

Uwanja ukafa. Watu zaidi ya mia, hata mtoto hakukohoa. Huyo Sumali mwenyewe kaziba mdomo kwa mikono miwili, wenzake wamemrukia mapajani. Bosi akakata filamu akapanda boneti. Dawa ya kikohozi imekwisha kreti zima! Kwa watu ambao hata kukohoa walikuwa wanaogopa!

Baadaye Sumali alikuja garini akanirushia ganda la papai. Alikuwa anacheka lakini. Mzuri.

Bosi alinipa kichwa cha samaki, na kichwa cha samaki hajawahi kumpa mtu.

Jumatano, 7 Februari

Sielewi. Naandika kama ilivyokuwa.

Kijiji cha Nong Phue. Tulichelewa, sikupata muda wa kudukua majina sokoni. Tumefunga pazia uwanja wa hekalu, ukuta ni mpya, waliochanga majina yao yamepakwa rangi nyekundu, majina ya kwenye karatasi. Nikachagua moja. Amphai. Nikasema jina la karatasi ndilo bora, la nyumbani wamelizoea.

Mkanda wa tatu. Ngazi. Nikanyamaza vizuri kabisa, kuliko jana. "Amphai... Amphai..."

Hakuna aliyepiga yowe. Benchi likaanguka huko nyuma. Mwanamume amesimama, amefungua mdomo, na wanawake watatu wamemvamia wakamziba mdomo kwa viganja. Mmoja alikuwa analia. Yeye anajaribu kuwatoa mikono, taratibu, bila ugomvi.

Halafu watu wakaanza kukunja mikeka. Wote. Dawa hakuna aliyenunua. Bosi akaacha filamu iende mpaka mwisho kwa sababu kukata kungekuwa vibaya zaidi, na mimi nikaendelea kuwasemesha watu wa kwenye pazia mbele ya nyasi tupu.

Shangazi amekataa hata kunitazama.

Alhamisi, 8 Februari

Asubuhi wanawake wamezunguka gari. Amphai alikufa wakati wa mvua, akijifungua. Mtoto naye. Mchango wa ukuta aliutoa akiwa na mimba, yeye na mumewe. Mume ndiye yule wa benchi, Thawi.

Waliokufa hivyo hata kuzungumzwa hawazungumzwi. Na mimi nimemwita kwa spika nne.

Mwenyekiti wa kijiji: kijana abebe maua na ubani aende alipozikwa, aombe radhi, halafu gari liondoke. Nikamwambia siendi. Sikumwita mtu, niliita jina. Kazi yangu waogope, wameogopa, kosa liko wapi? Bibi mmoja akasema, huyu mama yake alimzaa mdomo kwanza. Nikamjibu, ndiyo, na mwili bado unafuata! Hakuna aliyecheka. Nilitaka mmoja tu acheke.

Nilikwenda. Lakini si kwa sababu waliniambia! Nilikwenda mwenyewe, walipokwisha kuondoka. Kuna bakuli dogo pale, na nguo ya mtoto imekunjwa. Maua nimeweka. Sikusema neno, mimi ambaye nasema peke yangu kama watu thelathini.

Mchana Thawi kaja, na kikapu cha wali wa kunata. Nikajua nakula kipigo. Akakaa chini ya kivuli cha gari.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyemwita?"

"Ndiyo, Kaka."

Nilitaka kusema samahani. Ikatoka: "Filamu yenyewe uliionaje?"

Akatabasamu kidogo, naapa. Akasema tangu mvua hakuna mtu aliyelitaja jina lile mbele yake, hata mama mkwe. Wanamwita yule, marehemu, mwenzako. "Wewe mgeni umelitaja mpaka mashambani wakasikia. Leo rudia."

"Kaka, mwenyekiti—"

"Nimemwambia nataka filamu. Ameshindwa kunikatalia. Na wale wanawake nimewaambia wasiniguse."

Halafu akaondoka, wali akaacha.

Bosi kasema: ukimwita tumekwisha, usipomwita tumekwisha. Akaenda kupanga chupa.

Shangazi kanishika sikio. Thawi atajibu, kaninong'oneza. Unajua kuwa atajibu? Ndicho kitu anachokitaka.

Najua, Shangazi! Mimi si mjinga!

Alhamisi hiyo hiyo, taa za dawa zimewaka

Naandika juu ya kreti. Bosi yuko kwenye boneti anasifia mafuta ya kuchua, hakuna anayemsikiliza. Kijiji kizima kimerudi, hata waliotutukana. Thawi mstari wa mbele, peke yake, kavaa shati jeupe limepigwa pasi. Mkeka wake una nafasi ya mtu wa pili.

Leo Bosi amekata mapema, kabla watu hawajapata cha kukimbia; baada ya dawa ni ngazi.

Kumbe hivi ndivyo wanavyojisikia hapo kwenye mikeka. Sasa nimejua kwa nini wananunua ya minyoo.

Nikikaa kimya Thawi atajua nilimwogopa mkewe, na jina litarudi kufungiwa. Siwezi. Nitamwita. Nitamwita vizuri, bila kuvutavuta, kama mtu anayeitwa aje kula. Lakini nimemwambia Shangazi: Thawi akifungua mdomo tu, nitajibu mimi kabla yake. Kwa sauti ya mwanamume, kwenye spika zote nne. Mimi ndiye mwenye sauti zote hapa! Kama kuna anayetaka wa kufuatana naye, anichukue mimi, aone nilivyo mgumu kuongozana naye.

Shangazi hakunipiga. Kanisogezea glasi ya maji.

Bosi kashuka. Taa zimezimwa, naandika kwa mwanga wa projekta. Thawi ameshasimama, na mzuka bado hajafika hata kwenye ngazi

Mwandiko umepinda. Ni jenereta hiyo, inatikisa gari.