Siku Mama Mkwe Alipofukuzwa Shambani

Kitale, Jumapili jioni. Mvua imeanza tangu saa tisa na haina mpango wa kuacha. Aprili ni Aprili. Barabara ya mtaa wetu imekuwa uji, Mlima Elgon hauonekani, na mimi nina aibu.

Si ile aibu ya kuteleza sokoni watu wakacheka. Hii ni ya mtu aliyeshikwa na uongo wake mwenyewe.

Wanaonisoma wananijua. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda hapa mjini, na kwa miaka mitatu nimewahubiria muache Windows muhamie Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Nimesema ni ya bure, nimesema inafufua mashine kuukuu, nimesema siku hizi hata gemu zinacheza. Mwaka jana niliandika hapa kwamba asiyeamini aende Kamukuywa akamwone mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na nane, anavyoendesha trekta kwenye Linux. Mliipenda sana hiyo makala. Mliisambaza mpaka nikaanza kujiona mtu.

Wacha nieleze ilivyokuwa, maana wengine ni wageni.

Baba mkwe alipofariki, mama alinyamaza. Shule alikuwa amestaafu, watoto wote wana miji yao, na shamba alikuwa amelikodisha kwa sababu magoti yamekataa jembe. Mke wangu Nekesa alimpigia simu kila jioni na jibu lilikuwa lile lile, "Niko sawa." Hakuwa sawa. Mimi ningependa kwenda kuketi naye tuongee, lakini sisi ni Wabukusu. Mkwe haketi chumba kimoja na mama mkwe. Hatupeani mkono, hatuli meza moja, tukikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki, ni heshima, na yeye anaishika heshima hiyo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Miaka kumi na moja ya ndoa na hata simu tulikuwa hatupigiani. Neno lake lilipitia kwa Nekesa, langu vilevile.

Basi nikamnunulia laptopu kwa duka la kina Harjit mjini Bungoma, zile za ofisi ambazo Windows mpya imezikataa eti ni nzee. Nikaweka Linux. Nikaweka gemu ya ukulima, yenye matrekta, mahindi na ng'ombe, ambayo unaweza kulima pamoja na mtu aliye mbali. Gemu yenyewe ilitengenezewa Windows. Kwenye Linux kuna programu inayokaa katikati na kutafsiri: gemu ikisema jambo kwa lugha ya Windows, hiyo programu inaligeuza, Linux inaelewa. Nilipomweleza Nekesa akasema, "Kumbe kuna mwingine ana kazi kama yangu."

Yeye ndiye aliyeipeleka. Akamfundisha mama kuwasha, kuzima na kushika kipanya.

Mwezi wa kwanza mama aligonga kila ua na kila mti. Mwezi wa pili alikuwa amenipangia ratiba: Jumamosi, saa tisa alasiri, bila kuchelewa. Alikuwa akifundisha kilimo, na gemu au si gemu, kwake mahindi ni mahindi. Nilipopanda kwa haraka alinikemea kwenye kisanduku cha ujumbe, sentensi kamili, koma na nukta mahali pake. "Baba Naliaka, umeruka mistari miwili. Rudi." Naliaka ni binti yetu. Na mimi nilirudi, bana. Ungefanya nini?

Tulikuwa tukilima matrekta mawili shamba moja, yeye Kamukuywa mimi Kitale, tukiongea bila mtu katikati na bila kuvunja mwiko. Ama pengine tuliuvunja. Niliamua kutowauliza wazee.

Akaanza kucheka tena. Nekesa alimsikia kwenye simu siku moja akaniwekea sikioni nisikie. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mita ya stima.

Hicho ndicho kitu nilichokaribia kukipoteza jana.

Wiki hii gemu ilipata toleo jipya, na toleo hilo lilikuja na askari. Namaanisha programu ya kunasa wadanganyifu, inayokagua kompyuta yako kabla ya kukuruhusu ucheze na wengine. Jana saa tisa niliingia shambani kama kawaida. Trekta la mama likatokea, likatoweka. Likatokea tena, likatoweka tena. Mara ya tatu halikurudi. Nikasema ni mtandao, Kamukuywa mtandao huwa na siku zake. Nikaendelea kulisha ng'ombe, sina habari.

Baadaye kidogo Nekesa akaingia kibandani ameninyooshea simu.

"Umemfukuza mama?"

Mama alikuwa amepiga picha kioo cha laptopu yake. Kilikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyosema ameondolewa kwenye shamba hili, na chini yake, mwenye shamba, jina langu. Askari ndiye aliyemtoa, lakini maandishi hayakumtaja askari. Yalinitaja mimi. Chini ya picha mama alikuwa ameandika maneno matatu: "Nimemkosea nini mkwe?"

Sijui niwaelezeje ambao si wa kwetu. Mkwe kumfukuza mama mkwe shambani! Hata likiwa shamba la kioo, hilo ni jambo la kuitiwa kikao. Na alikuwa amejaribu kuingia mara tatu, maskini, akidhani labda amebonyeza vibaya.

Nilitaka kutuma maelezo hapo hapo. Nekesa akakataa. "Wewe ndiye unajua hizo vitu. Kesho tunaenda, na utasema mwenyewe."

Nilipofunga kibanda nilisoma nilichopaswa kusoma kabla ya kuwahubiria, kwa hivyo niwape hali ilivyo, bila sukari. Gemu za kucheza peke yako, nyingi mno zinafunguka kwa Linux siku hizi, na kwenye mashine kuukuu baadhi zinakwenda vizuri kuliko kwa Windows. Zile mashine za gemu za kushika mkononi zinazotumia Linux zimesaidia sana, kwa sababu sasa wenye gemu wana sababu ya kutujali. Hiyo sehemu sikudanganya. Tatizo ni gemu zenye askari. Wengi wa hao askari wanaweza kufanya kazi kwa Linux, lakini mwenye gemu lazima aruhusu, na wengine wamekataa. Wanasema mtu wa Linux ana mamlaka mengi mno juu ya mashine yake, kwa hivyo anaweza kuficha udanganyifu wake. Kuna ukweli kidogo hapo. Wakati ujao wetu unategemea tutakuwa wangapi, maana tukiwa wachache hakuna atakayetufungulia. Na shamba letu liko kwenye seva, ile kompyuta kuu ya wenye gemu. Halihamishiki.

Juzi kijana mmoja wa Bumula aliniandikia akiuliza kama gemu yake ya bunduki itafunguka akihamia Linux. Nikamjibu, "Itafunguka bro, tulia." Sikuangalia hata. Pole, bro. Haifunguki.

Lakini kuna swali ambalo huenda umeshajiuliza. Mimi mbona sikufukuzwa?

Kwa sababu mimi nacheza kwa Windows.

Ndiyo. Tangu siku ya kwanza. Kompyuta yangu ina zote mbili. Linux ya kuwaandikia nyinyi na Windows ya kuchezea. Sikuwa na subira ya kungoja gemu irekebishwe kila inapokorofisha, kwa hivyo nilihubiri maji nikanywa divai. Mama mkwe nikampa yale maji, kisha nikamwandika kwenye blogu kama ushahidi. Nekesa alijua. Nilimwambia ni ya majaribio, akaniangalia tu.

Leo tulitoka kanisani tukaenda moja kwa moja Kamukuywa. Tulibeba sukari na mkate, na Nekesa akasisitiza kuku, ati mwenye kesi haendi mikono mitupu. Mimi nikaketi uani kwenye kiti cha plastiki. Mama akaketi ndani nyuma ya pazia la mlango. Niliona ncha za viatu vyake tu, vile vyeusi vya kanisani. Nekesa akakaa kwenye kizingiti. Tukasalimiana, mulembe, mulembe.

Nikaeleza habari ya askari. Nilieleza vibaya, nikarudia. Nekesa alikuwa akirudia kila sentensi yangu ingawa mama alisikia yote, maana ndivyo inavyofanywa.

"Kwa hivyo si yeye aliyenitoa," mama akasema.

"Si yeye, mama," Nekesa akajibu.

"Mwambie nashukuru. Nilikuwa nimetafuta kosa langu nikalikosa."

Nilipumua. Nikadhani tumemaliza, nikaanza hata kufikiria chai. Kisha viatu vikasogea.

"Muulize. Huyo askari, yeye alimwachaje?"

Nekesa akanigeukia. Hakurudia swali.

Ningeweza kusema mashine yangu ni mpya zaidi. Ni kweli ni mpya zaidi. Mwalimu wa watu angekubali, angenipa na chai.

"Yangu ni Windows, mama," nikasema. "Tangu mwanzo."

Nekesa hakurudia na hilo. Kuku wetu alikuwa amefungwa miguu pale kando anapiga mabawa, na hakuna aliyeinuka kumshika.

"Baba Naliaka."

Si Nekesa. Ni yeye. Ukiondoa salamu, katika miaka kumi na moja lilikuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwake kuja kwangu moja kwa moja.

"Nimefundisha kilimo miaka thelathini na moja. Sikuwahi kumpa mtoto mbegu ambayo kwangu sijaipanda."

Nilitazama chini. Mwanamume wa miaka arubaini, ndevu zote hizi, nimeketi kama wa darasa la tatu aliyesahau daftari.

Baada ya hapo nikajaribu kurekebisha mambo. Nikasema kibandani nina laptopu nzuri yenye Windows, Nekesa angeileta wiki hii, na shamba letu angelikuta vilevile. Mama akakataa kabla sijamaliza. Akasema hii aliyo nayo ameshaijua. Sauti ilipotea mwezi wa pili akairudisha mwenyewe. Ile programu ya kutafsiri ilipokorofisha, alisoma maelezo siku mbili, akabadilisha toleo, ikakubali. Sikuwa najua hata moja kati ya hayo. Mimi nilikuwa Windows, nikistarehe.

"Yako sitaki. Hii naijua hata ikikohoa."

"Sawa, mama."

"Mahindi yetu yamekaribia. Yakikauka uingie uvune yote, usiache hata mstari. Ukimaliza uhame."

"Nihamie wapi, mama?" Nimeuliza hivyo, kweli. Nekesa alifunika uso.

"Huku niliko."

Kisha akaagiza chai iletwe nje, kwangu peke yangu, na mkate wetu wenyewe tuliokuja nao. Sijui kama huo ni msamaha. Nilikula.

Tulipofika nyumbani nilifungua gemu. Kwenye gemu siku huenda haraka ukitaka, kwa hivyo nikaziharakisha mpaka mahindi yakakauka. Nikavuna. Imenichukua saa nzima, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze sikuruka mstari. Trekta lake liko pale ukingoni, ambapo gemu huliegesha mwenyewe akitoka. Gemu hainiruhusu kuligusa, ni lake. Nilipomaliza, nikafuta Windows. Sijatoa nakala, sijaweka kando kipande kidogo eti cha majaribio. Imekwenda.

Kwa hivyo ile makala ya mwaka jana isomeni hivi: mama mkwe wangu alikuwa kwenye Linux. Aliyeiandika hakuwa.

Sasa hivi Nekesa ameniletea ujumbe. Mama amepata gemu nyingine ya ukulima, ndogo, picha zake si nzuri sana, haina ng'ombe, lakini imetengenezewa Linux na haihitaji mkalimani. Ameshafungua shamba. Nilimuuliza Nekesa kama ametaja mtu wa kulima naye. Akasema hakutaja, ametuma tu jina la shamba na saa.

Jumamosi, saa tisa. Safari hii mwenye shamba ni yeye, na gemu humuuliza mwenye shamba kabla ya kumwingiza mtu yeyote. Nitabisha hodi ningoje. Akikawia kunifungulia, nitajua ni kwa nini.