Wimbo wa Kwanza wa Mwaka Haukuwa Wangu

Jumapili usiku, Edmonton, Kanada.

Nina miaka sabini na mitano. Nimeyapita mapinduzi, wake wawili na redio nne, basi wimbo wa Kizungu ndio uniangushe?

Mwaka mzima Bi Rukia, jirani yangu wa Mombasa, kanipigia wimbo mmoja huohuo, nausikia ukutani. Mie nimepiga fidla ya taarab Unguja, hakuna aliyenishinda. Najua wimbo ukirudiwa hivyo una mtu wake anayesemwa. Nikaacha kumsalimia. Mtaa huu sina mwengine wa kusema naye Kiswahili, lakini nikakaza.

Leo redio imetaja nyimbo zilizouzwa sana mwaka huu. Wa kwanza ni ule ule! Mjukuu wangu kasema, kwa Kiingereza chake, kuwa nchi nzima imeununua.

Nchi nzima haiwezi kugombana na mie. Labda. Nikaenda kugonga.

"Bi Rukia, nimekusamehe."

"Kwa lipi, mzee?"

"Wimbo."

"Wee! Huo aupiga kijana wangu. Mie hata sijui wasemaje. Nami nikidhani umeninunia kwa pilau niliyokuletea!"

Kacheka mpaka kashika mlango. Chai kanipa. Pilau ile kweli ilizidi chumvi, lakini sikusema.

Ila wimbo lazima una mtu wake. Tumeusikiliza pamoja, tukakubaliana: anasemwa yule mzee wa nyumba ya pembeni, asiyeitikia salamu.

Anayebisha amuulize Bi Rukia. Yule mzee asiulizwe, bila shaka keshakasirika.