Kitabu Nilichokificha Katikati ya Ng'ombe

Nafula wangu,

Namba yako haipatikani, na ile ya kaka yako siku hizi inashikwa na mtu asiyekujua hata kwa jina. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, wasome wote. Labda mmoja wao anakufahamu. Akuambie Mwende, yule mliyekaa naye chumba kimoja Uthiru, anakutafuta.

Unakumbuka tulivyoishi? Mimi nikitoka kwetu Machakos na ndengu, wewe ukitoka Webuye na unga wa wimbi, halafu tunazozana nani apike. Jumamosi tukishuka mjini hadi maktaba, meza ile ya dirishani, wewe na daftari lako lililofungwa kwa mpira. Utafiti wa mwaka wa mwisho: mimi historia ya Kangemi, wewe ya Uthiru. Majirani hata kwenye karatasi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Mimi nilikuwa nabeba kitabu chochote kinene nikadhani unene ndio ukweli. Wewe ulianza na kurasa za mwisho, kuangalia mwandishi alitoa wapi habari zake. "Mwende, usiulize kitabu kinasema nini kabla hujauliza ni nani anasema, na alikuwa wapi." Siku moja nilikuonyesha vitabu viwili vinavyokubaliana, nikajivuna. Ukavipekua, ukacheka mpaka mkutubi akakukoholea. "Huyu amenakili kwa huyu. Hawa si mashahidi wawili, bana. Ni mdomo mmoja."

Halafu kikaja kile kitabu cha ramani. Chembamba, jalada la kijani, nakala moja tu, na hakitoki nje ya maktaba. Mipaka yote ya zamani ya upande wetu ilikuwamo, mashamba na njia, Kangemi yangu na Uthiru yako. Nilikiona mimi kwanza, siku uliyobaki nyumbani na malaria.

Unajua ile mbinu ya wanafunzi. Kitabu ukikitaka peke yako, unakipeleka rafu ambayo hakuna mtu wa somo lenu atakayepita. Nilikipeleka kwa mifugo, nikakisokomeza katikati ya vitabu viwili vya magonjwa ya ng'ombe. Nafasi ya kuendelea na masomo chini ya mwalimu wetu ilikuwa moja, na sote tulijua kati yetu wawili nani alikuwa na kichwa. Si mimi.

Ulipopona ulikitafuta wiki nzima. Ukaniuliza, "Hujakiona kile cha ramani?" Nikakujibu, "Aki sijakiona." Na kama hiyo haitoshi, nikainuka nikakusaidia kutafuta! Nikainama chini ya meza na wewe. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote, Nafula, kule kuinama.

Matokeo yakaja. Mwalimu alisifu kazi yako, akaandika kwamba ramani hazimo na mipaka haina ushahidi. Nafasi nikapata mimi. Jioni hiyo ulinipikia ugali wa wimbi, ukanichotea kwanza, ukasema, "Hongera, mwanahistoria." Nilikula. Baada ya miezi miwili ulifunga virago ukarudi kwenu, nami nikakusindikiza hadi kituoni nikiwa mkavu wa macho.

Sasa nafundisha chuo kimoja huku Kilimani. Kila muhula nawaambia wanafunzi wangu waulize ni nani anasema na alikuwa wapi. Wanaandika, wanadhani ni maneno yangu.

Wiki iliyopita niliwapeleka maktaba ileile wajifunze kupima vyanzo. Wakiwa kwenye meza zao, miguu yangu ikanipeleka kwa mifugo. Kumbe kipo! Jalada la kijani, vumbi, ng'ombe huku na ng'ombe huku. Sikuwahi kukirudia tangu niliponakili kurasa zangu. Nikakifungua, kikaratasi kikaanguka. Mwandiko wako.

"Mwende, nimekiona. Sikitoi. Nitakuwa nikipita. Siku nikikikosa hapa nitajua umekirudisha mwenyewe, na yatakuwa yameisha."

Chini yake umetia tiki. Nilizihesabu mara tatu: kumi na moja. Mara kumi na moja ulipanda zile ngazi kuangalia kama rafiki yako amekuwa mtu, ukakikuta palepale, ukarudi nyumbani ukaniuliza nimeshindaje. Sijui ulikitafutaje; lazima kazi zetu zilikuwa zimeshakabidhiwa. Pengine ulipita rafu moja baada ya nyingine, ndivyo ulivyokuwa. Lakini ulijua, jameni. Ulijua na ukanisongea ugali.

Nimewaambia wanafunzi wangu yote, palepale, mbele ya mkutubi. Mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, wewe utakuwa chanzo cha kuaminika kweli?" Nikamwambia hapana, atafute upande wa Nafula.

Samahani, rafiki yangu. Najua neno lenyewe limechelewa, na nafasi yako siwezi kukurudishia. Kitabu nimekirudisha kwenye rafu ya historia, mahali pake, kwa mkono wangu. Kikaratasi nimekiacha ndani, na sikuongeza tiki. Hiyo ya kumi na mbili si yangu kuitia. Ukifika Nairobi siku yoyote, pita kwa ng'ombe kwanza. Hutakikuta.

Ni mimi, mwenzako wa chumba, uliyemngoja mara kumi na moja,
Mwende